Mstari wa Bluu Kando ya Kijito

Wenzake walimwita Mama Rangi, maana kucha zake hazikukosa bluu hata siku ya harusi ya bintiye. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akiwatangulia wakata magogo, kopo mkononi, akipaka alama miti isiyoruhusiwa kuguswa. Sheria aliijua kama jina lake: hatua thelathini kutoka ukingo wa kijito, mti usikatwe; kutoka ziwani, hatua sitini; na kwenye kinamasi mashine isitie gurudumu kabisa.

Jumatatu moja msimamizi alimkuta akikoroga rangi.

"Mama, miti minene yote umeifungia kule majini. Mimi nimebaki na fito. Sogeza mstari hatua kumi na tano tu."

"Na bwana miti akija kupima?"

"Apime nini? Akiona alama, ataridhika. Kama huwezi, sema. Wapaka rangi hawajaisha duniani."

Mama Rangi alizikwangua alama zake kwa panga, akapaka mpya karibu na maji. Rangi ilimchuruzika hadi kwenye kiwiko. Tangu hapo kila mlio wa pikipiki ulimpasua moyo, kwa kuwa bwana miti, afisa wa misitu, alitembelea pikipiki. Chakula kikawa hakipiti. Mumewe alipomuuliza kama ni malaria, akaitikia haraka kwamba ndiyo.

Kufikia Alhamisi miti ilikuwa chini, mingine imelala kukatisha kijito. Ijumaa trekta likashuka kuvuta magogo. Dereva alikuwa mdogo wa mumewe, mcheshi aliyependa kuapa kwamba trekta linamsikiliza kuliko mkewe. Mama Rangi alipoona magurudumu yanaelekea kwenye majani mabichi ya kinamasi, alitupa kopo akakimbia. Miti aliyoiachia ikatwe ndiyo iliyokuwa ikizuia mashine isifike kinamasini.

"Shemeji, simama! Rudi nyuma!"

Injini ilimeza sauti yake. Gurudumu la kushoto likazama, trekta likalala ubavu polepole, na mguu wa dereva ukabanwa chini yake. Kijito kilichozibwa na magogo hakikuwa na pa kwenda. Maji yakaanza kujaa pale alipokwama. Yakafika kiunoni. Yakafika kifuani.

"Shemeji, usiniache," alisema. Utani wote ulikuwa umemwisha.

Mama Rangi alipiga magoti topeni, akamshika kidevu kukiinua. "Kateni gogo hilo!" aliwapigia kelele wenye misumeno. "Hilo linaloziba! Mnangoja nini?"

Maji yalikuwa yamefika mdomoni gogo lilipokatika na kijito kikafunguka kwa kishindo. Walimchimbua kwa majembe na mikono. Mguu ulikuwa umevunjika mahali pawili.

Gari lilipoondoka na mgonjwa, msimamizi alimsogelea Mama Rangi. "Tutasema breki zilikatika. Umenielewa?"

Alielewa, na hakuwahi kuogopa kama jioni ile. Hata hivyo, asubuhi iliyofuata alikwenda ofisi ya misitu akiwa na tope lile lile kwenye sketi. Hakusubiri hata bwana miti amkaribishe kiti.

"Mstari niliusogeza mimi," alisema.

"Nani alikwambia uusogeze?"

Akamtaja.

Msimamizi alinyang'anywa kibali. Mama Rangi alisimamishwa kazi msimu mzima, na mama mkwe akamnunia mvua zote, hata salamu haitikii. Mvua zilipokatika, mama mkwe huyo huyo alimwita aje kumshika mgonjwa bega, ajifunze kutembea na gongo. Walizunguka ua mara tatu. Hakuna aliyetaja kijito.

Siku hizi amerudi kazini. Kila ukingo anaupima mara mbili, na akisikia trekta likibadilisha gia mteremkoni husimama, brashi hewani, hadi alione limepita salama.