Upande wa Mkasi

Wifi yangu alipofeli mtihani wa ushonaji akiwa na miaka sitini kasoro mmoja, mtaa ulicheka kabla yeye mwenyewe hajafika nyumbani. Nayajua yote yaliyosemwa, maana mengine yalisemwa sokoni mbele yangu, na watu niliowafundisha mimi kusoma. Kwa hiyo nimeona niyaandike kama yalivyokuwa, ili wajukuu wetu wasije wakasimuliwa habari za bibi yao na watu wa nje.

Baba mkwe wangu alikuwa fundi wa makoti. Sisemi fundi wa kupunguza suruali na kubadilisha zipu. Fundi wa makoti, ambaye watu walimsubiri miezi na hawakunung'unika. Meza yake ya kukatia ilikaa katikati ya chumba cha mbele, ndefu kuliko kitanda, na ilikuwa na pande mbili. Upande wa dirishani uliitwa upande wa mkasi. Hapo alisimama yeye na wanawe wa kiume. Upande wa pili uliitwa upande wa sindano, na hapo walikaa wasichana, wakitunga uzi, wakipiga bandi, ile mishono ya muda, wakishonea bitana. Mkasi hawakuugusa. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo, na hakuna aliyeivunja.

Wifi yangu alikaa upande wa sindano tangu akiwa na miaka saba. Anatumia mkono wa kushoto, ndiyo maana mpaka leo nyumbani tunamwita Shoto. Alimtazama baba yake akikata kama mtu anavyojitazama kwenye kioo. Mkono wa kulia wa mzee ulipokwenda, mkono wake wa kushoto uliufuata juu ya goti, bila mkasi na bila kitambaa. Kaka zake waliofundishwa kukata, hakuna hata mmoja aliyekuwa fundi. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa karani wa posta, na kifungo chake kikidondoka aliniletea mimi.

Shoto naye aliajiriwa hospitali, chumba cha kufulia, akashona mashuka yaliyochanika kwa miaka thelathini na mmoja. Mshono ulionyooka kwenda, mshono ulionyooka kurudi. Siku aliyostaafu walimpa saa ya ukutani. Alikuja nayo kwangu moja kwa moja, akaiweka mezani, akasema:

"Wifi, nataka kufanya mtihani wa ufundi. Daraja la kwanza."

"Wa magauni?"

"Wa makoti ya kiume."

Nikaweka kikombe chini. "Shoto, na umri huu? Ukakae dawati moja na watoto?"

"Mtihani wenyewe haukai dawatini, unasimama mezani. Na miguu bado ninayo."

"Fikiria jina la mzee. Ukifeli watasema binti wa fundi yule hajui kushika mkasi."

"Watakuwa hawajasema uongo," alijibu. "Sijawahi kuushika. Ndiyo nataka kuushika."

Nikampa mapazia yangu ya zamani ayafanyie mazoezi. Mwaka mzima alikata na kushona, chumba chake kikajaa makoti yenye maua makubwa ya manjano. Mabega na kola ndivyo vilivyomtia hofu, kwa hiyo alivirudia hadi vidole vikapasuka. Vifungo hakuvigusa. Alivihesabu kazi ya kumalizia, jambo la mtoto.

Mtihani ulifanyika chuo cha ufundi, ukachukua siku mbili. Mtahini alikuwa kijana wa rika la mwanangu, mwenye futi shingoni. Shoto alinisimulia kwamba koti lake lilipovishwa sanamu la kupimia, kijana yule alipitisha mkono begani, akageuza kola, kisha akawaita watahiniwa wengine waje wajifunze. Halafu akaanza kulifunga. Akasita.

"Mama, hili koti ni la bwana au la bibi?"

Koti la kiume, ubavu wa kushoto hulala juu ya ule wa kulia. La Shoto lililala kinyume, kama la mwanamke. Maisha yake yote aliyaona makoti ya baba yake kutoka ng'ambo ya meza, na kilichokuwa kulia kwake, kwenye koti ni kushoto. Alijifunza kila kitu, na kila kitu alijifunza kikiwa kimegeuka.

Chumba kizima kiliangua kicheko. Kufika Jumamosi, sokoni alikuwa na jina jipya, Koti la Bibi. Mimi nikalichukua koti lile, nikalifungia kabatini mwangu. Niseme ukweli, sikulificha kwa kumhurumia. Nililificha kwa ajili ya jina la baba yake.

Wiki tatu hakukanyaga kwangu. Siku aliyokuja hakukaa, alisimama mlangoni.

"Wifi, nipe koti la kaka."

Ni koti ambalo mume wangu alinioa nalo. Ndilo pekee lililobaki la mkono wa mzee.

"Ulifanyie nini?"

"Nilifumue."

"Shoto, uko mzima kweli?"

"Kichwani mwangu mambo yamekaa kinyume, na siwezi kuyageuza kwa kuwaza. Nataka nilifungue koti la baba nikiwa nimesimama pale alipokuwa anasimama yeye. Halafu nilirudishe, mshono kwa mshono."

"Na likikataa kurudi?"

"Basi wewe utakuwa umepoteza koti, na mimi nitakuwa nimejua."

Nilikataa. Nilimwambia kwamba mwanangu amebakiwa na kitu kimoja cha baba yake, na sitakiweka chini ya wembe kwa sababu ya karatasi ya cheti. Akaondoka bila kuaga, yeye ambaye huaga mara tatu.

Siku ya tatu nilifungua kabati kutafuta shali. Makoti mawili yalikuwa yamening'inia bega kwa bega, la mzee na la Shoto. Nikageuza kola zote mbili, nikavaa miwani, nikazitazama tena. Sikuweza kusema ipi ni ya nani. Nimefundisha miaka thelathini na minne. Naijua tofauti ya mwanafunzi asiyejua na mwanafunzi aliyekosa swali moja.

Nikalibeba koti la mume wangu mwenyewe mpaka kwake, kwenye nyumba ile ile ya mzee. Meza ya mzee ilikuwa imesukumwa ukutani, imebebeshwa masufuria. Tukayatoa, tukaivuta mpaka katikati ya chumba. Shoto akazunguka, akasimama upande wa dirishani kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Akaangalia mikono yake, akaangalia meza.

"Kumbe huku kuna mwanga!" akasema. "Miaka yote ile mzee anatuambia tukaze macho, kumbe mwanga kaushika yeye!"

Tulicheka mpaka nikalazimika kukaa. Na nilikaa upande wa sindano, maana ndiko kulikokuwa na kiti. Kazi yangu ikawa kupokea kila kipande, kukibandika karatasi yenye namba na kuandika kilikotoka. Yeye alifumua polepole, akishika koti kama muuguzi anavyomshika mgonjwa. Alipofika kwenye kola, akaniita.

"Wifi, njoo uone."

Ndani ya kola, mahali ambapo mvaaji haoni, mishono midogo ya mkono ililala kuelekea upande mmoja. Ni ya mzee. Kisha, kuanzia katikati, ikalala upande mwingine, midogo zaidi, iliyosawazika zaidi.

"Huu ni mkono wangu wa kushoto," Shoto alisema. "Alikuwa ananipa vipande tu. 'Shona hapa.' Hakuniambia ni vya nini. Kumbe koti la harusi yako nimelishona mimi, na siku ile nimekaa nyuma nalisifu kama mgeni."

Akaweka wembe chini. "Kola hii haifumuliwi."

Vilivyobaki alivifumua vyote na kuvirudisha. Ilimchukua mwezi na siku kadhaa. Vifungo alivishona, akavikata, akavishona tena mara nne, hadi mkono ukaelewa.

Mwaka uliofuata alirudi chuoni. Mtahini alikuwa yule yule. Akamtambua mlangoni.

"Mama, umerudi!"

"Nimerudi, mwanangu. Na safari hii nimekuja na bwana."

Alifaulu daraja la kwanza. Mtahini mwenyewe ndiye aliyelifunga koti kwenye sanamu, vifungo vyote, kisha akampigia makofi.

Siku ya kukabidhiwa cheti, mwanangu alivaa koti la baba yake ili amsindikize shangazi yake. Lilimkaa kana kwamba amepimwa jana. Mimi nikafungua kabati, nikatoa lile la kwanza, lililofeli, nikalivaa. Shoto alikuwa amelipanua kiunoni wiki hiyo hiyo, akinung'unika kwamba kula kwangu kumempa kazi ya ziada.

Tulipita sokoni kwa makusudi, njia ya mbali. Mama mmoja muuza vitambaa, miongoni mwa waliocheka sana, akaniita.

"Mwalimu! Koti hilo limekutoa kweli. Kakushonea fundi gani?"

Nikamwonyesha Shoto kwa mkono. Kisha nikasimama pale pale mbele ya meza ya mama yule, nikafunga vifungo vyote vitatu, kimoja kimoja, bila haraka, ili waone vizuri vinafungia upande gani.