Picha ya Mtaa Mzima

Mbombo alikuwa hodari wa picha, hilo hakuna wa kubisha. Kolwezi, mji wa migodi, upande wote ule, ukitaka picha ya ubatizo, ya ndoa, ya marehemu kabla jeneza halijafungwa, ulimwita Mama Mbombo, naye alikuja na kamera shingoni na maneno tele mdomoni. Leo ukimtajia neno picha anatema mate chini. Sikutanii, anatema kweli.

Ilianza hivi. Shimo la shaba lilikuwa limeukaribia mtaa wao mpaka sahani zikawa zinalia kabatini kila baruti ilipolipuliwa. Kampuni ikatangaza watu wote wahame. Nyumba iliyokuwepo siku ya tangazo ingelipwa kwa nyumba nyingine, barabara ya Mutshatsha. Ambayo haikuwepo, mwenyewe ajijue. Basi wajanja wakaanza kusimamisha vibanda haraka haraka ili na wao wahesabiwe, na tume ya kuhamisha watu ikakasirika. Ikasema inataka picha moja, moja tu, ya mtaa mzima toka mwanzo hadi mwisho, yenye muhuri wa shefu, yaani mkuu wa mtaa. Rundo la picha haipokei, eti watu wa hapa wanajua kudanganya. Hebu ona! Wanaokuja kukutoa kwako ndio wanaoogopa kudanganywa.

Tata Mbayo, mwenyekiti wa kamati ya mtaa, akampa Mbombo kazi hiyo. Nyumba zilikuwa arobaini na moja, safu moja, zilizojengwa enzi za Wabelgiji kwa wafanyakazi wa mgodi, na zote zilifanana: mlango mmoja, madirisha mawili, ngazi tatu, bomba la moshi. Mbombo akatembea barabarani kamera mkononi. Hatua nne, picha. Hatua nne, picha. Kila picha ilichukua kipande cha iliyotangulia, ili programu ya kompyuta ipate mahali pa kuziunga. Zikafika sitini na mbili.

Kazi ya kweli ni kukaa na kila kiungo, ukaweka alama kwa mkono wako: kona hii ya dirisha ndiyo kona ile. Lakini umeme siku hiyo ulikuja na kuondoka, ukaja na kuondoka, na tume ilitaka picha kabla ya saa tisa alasiri. Mbombo akabofya pale ambapo programu inajifanyia yenyewe. Ikatoa utepe mrefu, laini, hauna mkunjo wala ufa. Wee! Ilipendeza mpaka akajisifu mwenyewe.

Programu haina akili. Iliona mlango ule ule, madirisha yale yale, ngazi zile zile, ikadhani nyumba ya ishirini na mbili ndiyo ya ishirini na tano. Ikalaza moja juu ya nyingine, na nyumba tatu zikapotea kimya kimya.

Na hakuna aliyeona! Kamati ilijaa kibandani mwa Mbombo, anapofanyia kazi, kila mtu akainamia karatasi, kila kidole kikitafuta mlango wake. "Wangu njo huu!" "Angalia, na sahani zangu ziko inje!" Aliyejiona alikwenda zake ameridhika. Kuhesabu? Nani ahesabu, wakati wa kwake upo? Mbombo naye alitafuta mlango wake, akaupata, akatulia. Shefu akagonga muhuri.

Katika zile tatu, mbili zilikuwa tupu, wenyewe wameshahamia Sandoa. Ya tatu ilikuwa ya Mama Elise, mjane, ambaye siku ile alikuwa shambani akichimba mihogo.

Tume ilipokuja kupaka namba nyekundu milangoni mwa watakaolipwa, mlango wa Mama Elise ikaupita. Mama Elise akauliza. Wakamwambia nyumba yake imejengwa juzi. Nyumba ya matofali ya kuchoma, imeota ukungu hadi kwenye paa, imejengwa juzi!

Mbombo alifungua picha zake zote sitini na mbili, akaona kosa ni lake. Na Mama Elise hakuwa jirani tu. Mwaka tisini na tatu, watu wa asili ya Kasai, akina Mbombo wakiwemo, walipofukuzwa mjini, Mbombo alikuwa na miaka tisa. Walilala stesheni majuma mengi wakingoja treni, na mdogo wake akafia pale pale. Waliporudi, miaka ilikuwa imepita na watu wengine wamekaa ndani ya nyumba yao. Wakasema hawakuwahi kuwaona. Mtaa mzima ukanyamaza, ukatazama miguu yake. Mama Elise peke yake, mwenyeji, Mkatanga wa kaskazini, alisimama katikati ya barabara akasema: "Hawa batu balikaa hapa. Mi najua mulango wao." Wakarudishiwa.

Basi Mbombo akamchukua Mama Elise wakaenda kwenye ofisi ya tume. Tata Mbayo aliwakimbilia njiani, akamvuta Mbombo kando. "Mama Mbombo, usituharibie. Tuko na batoto."

"Na yeye iko na nini?" Mbombo akamuuliza.

Mama Elise akabaki kwenye benchi nje. Ndani, bwana mmoja wa tume aitwaye Kalumba alikuwa anakula kuku, na amefanya nini? Ametandika picha ya mtaa chini ya sahani. Mafuta yameshalowesha nyumba kumi. Mbombo akamwonyesha picha za awali, akamweleza kosa lote. Kalumba akasikiliza huku akinyonya mfupa.

"Nakuelewa, madame," akasema. "Ile nyumba hata mi nimeiona. Ni ya zamani." Akajifuta vidole, akasukuma karatasi mezani. "Andika picha ni ya uongo, nitapokea. Lakini picha ya uongo haina orodha ya kulipwa. Zote thelathini na nane zinafutwa, na mashine za kubomoa zinaanza Jumatatu. Ao andika ni ya kweli. Chagua."

Alikuwa anatabasamu, yule mtu! Mbombo alitamani kumpiga ile sahani usoni. Akafikiria watoto wa Mbayo. Akafikiria na wa kwake watatu, na mlango wake uliopata namba nyekundu, na hapo, nisiwafiche, ndipo alipokaa zaidi. Akachukua kalamu akaandika: picha ni ya kweli. Akatia sahihi. Kalumba akamkaribisha kipaja cha kuku.

Akatoka nje. Mama Elise akainuka kwenye benchi, akikunjua kitenge magotini.

"Banasema nini, mwana yangu?"

Angeweza kumdanganya.

"Si bao banasema, Mama. Ni mimi. Nimeandika nyumba yako haikuwepo."

Mama Elise akamtazama. Hakupiga kelele. Aliuliza kama anayetaka kujua kweli.

"Sasa miaka yote ile, mi nilikuwa nalala wapi?"

Mbombo alitapika pale pale mlangoni, ameinama. Mlinzi akafoka asafishe uchafu wake. Na mkono uliomshika paji la uso, asianguke, ulikuwa wa Mama Elise.