Wezi Waliopanga Sufuria

Mama mkwe wangu hajui kufanya jambo polepole. Alipika katika jiko la shule ya bweni mpaka alipostaafu, na hata leo akisema "chai tayari", utadhani anaita bweni zima. Nilipojifungua alifika na kikapu kimoja na aproni yake ya kazini, akambeba mjukuu, akamnusa kichwa, akaniambia, "Wewe lala. Mengine niachie mimi."

Nikamwachia. Lo! Kuamka, jiko limehama. Sukari iko juu, vikombe viko chini, visu ndiyo usiniulize. Sufuria yangu ndogo ya maziwa, niliyokuwa naitundika karibu na dirisha, imezama ndani ya sufuria nyingine kubwa. Nikiuliza, najibiwa, "Hapa ndipo pake, mwanangu." Pake! Jiko langu mwenyewe, nalizunguka kama nimekuja kuazima kiberiti.

Nisiseme uongo, mama huyu aliniokoa. Mtoto akilia, yeye ndiye wa kwanza kuinuka. Homa ilipompanda mtoto, mama alishafika naye barabarani, mume wangu bado anatafuta viatu. Lakini asubuhi moja nikakuta kabati la nguo zangu nalo limepangwa upya, maji yakanifika shingoni.

"Baba," nikamwambia mume wangu, "leo ukirudi zungumza na mama. Arudi kwake."

Akakuna kichwa. "Nitamwambiaje?"

"Utajua mwenyewe. Ni mama yako."

Akaenda kazini uso umemshuka. Mama aliyekuja kulea mjukuu, umwambie afunge virago! Aibu hiyo utaiosha kwa sabuni gani?

Mchana mama akajinyoosha kwenye kochi, aproni kiunoni, usingizi ukamchukua. Mara nikasikia, "Tokeni! Tokeni nyumbani kwangu!" Nikatoka mbio na mtoto begani. Nikamkuta amekaa wima, anatweta.

"Mama, kuna nini?"

"Nimeota wezi, mwanangu. Wameingia nyumbani kwangu kule."

Akasimulia. Wanawake wameingia bila hodi, moja kwa moja jikoni. Hawaibi hata kijiko, wanapanga tu. Mmoja akafunua sufuria iliyokuwa motoni, akaonja, akatikisa kichwa, akaongeza chumvi.

"Nimepiga kelele, majirani wamekuja, wananiuliza wamechukua nini. Sina la kusema! Hawajachukua kitu. Ila mwiko wangu siuoni, kiberiti sikioni, nimesimama ndani ya nyumba yangu kama mgeni. Nikalia. Mimi, kulia!"

Nikacheka mpaka mtoto akashtuka. Wezi gani hao wa kuongeza chumvi? Naye akacheka.

"Na huyo mkubwa wao sasa, ana amri huyo! Amevaa aproni..."

Akaitazama aproni yake. Kisha akageuza macho kule jikoni kwangu.

"Ile sufuria ya maziwa," akasema taratibu, "ulikuwa unaiweka wapi?"

"Karibu na dirisha, mama."

Akainuka, akaichomoa, akaitundika. Akavua aproni. "Jiko la shule, ukisimama kuulizana na watu, uji unaungua. Nimezoea vibaya. Nisamehe, mwanangu. Hivi vingine navyo nionyeshe."

Mtu mzima yule, aliyeamrisha jiko zima, akawa ananishikia kikombe kimoja kimoja: hiki kinakaa wapi? Nilimpenda, jamani. Wangapi wanaota wezi, wakagundua ni wao wenyewe, wakakiri mchana kweupe? Mimi ningesema nimeota nyoka.

Jioni mume wangu akarudi, akakaa ukingoni mwa kiti, akakohoa. "Mama, kuna jambo tumezungumza..."

Nilikuwa nimesahau kabisa kumpigia simu kwamba aliache!

"Ndiyo, tumezungumza," nikamkatiza. "Tunakuomba usiondoke mpaka mtoto atambae."

Mume wangu akanigeukia. Mama akanitazama mimi, akamtazama yeye.

"Asubuhi ulitoka uso umekushuka, na mchana nikajua umetumwa nini," akamwambia mwanawe. "Aliyekutuma amelifuta mwenyewe. Kanawe mikono, tule."

Nikalia pale pale mbele yao, wala sikujificha.