Chumvi Kwenye Vyungu vya Mama Odilia

Siku ninayoikumbuka kuliko siku zangu nyingi, mwanangu, ni ile niliyochovya kidole kwenye chungu cha maua, nikakilamba, nikaonja chumvi. Hapohapo nikamjua adui yangu. Nilimjua upesi, bila kuuliza mtu, na nilikosea.

Ilikuwa Ifakara, miaka ile tulipokuwa bado tunavuka mto Kilombero kwa kivuko. Mimi ni mtoto wa Lupiro, nimezaliwa na kulelewa kwenye mpunga, na nilikuwa nimekuja mjini kufanya usafi katika nyumba ya wageni ya Mama Odilia, mjane wa Kipogoro mwenye sauti ndogo na macho yasiyosahau. Jikoni alikuwako dada Zuhura, mtu wa pwani, amenizidi miaka michache. Alikuwa na binti anayesoma shule ya bweni huko kwao, na kazi ile ndiyo iliyomsomesha. Zuhura aliimba akimenya vitunguu, aliimba akiosha masufuria. Mimi nikajiambia, mtu anayeimba peke yake namna hii ana jambo analolifunika. Unaona moyo wangu ulivyokuwa? Ulikuwa umekaa mlangoni na rungu hata kabla mwizi hajaja.

Mama Odilia alipenda maua ya ndani, lakini udongo wetu mweusi wa bondeni hakuutaka sebuleni. Ukiloa unanata, ukikauka unapasuka, na sisimizi huufuata kama jamaa wanavyofuata msiba. Kwa hiyo akaagiza matofali ya makumbi ya nazi yaliyosagwa, yakaletwa na Mzee Faustini kwa lori lake kutoka pwani. Tofali moja ukiliweka kwenye maji linaumuka kama unga wa maandazi, linajaza ndoo nzima kitu chepesi, cha rangi ya kahawa. Tukapandia vyungu vinane.

"Betina," Mama akaniambia, "maua haya nimekukabidhi. Yakifa nitakuuliza wewe."

Neno hilo liliingia kichwani mwangu likakaa.

Nilipomwagilia mara ya kwanza, maji yakatokea chini ya vyungu, yakatambaa kwenye sakafu niliyotoka kuipiga deki. Roho iliniuma. Kwetu, maji yakitoroka jarubani, kwenye kipande cha shamba la mpunga, aibu ni ya mwenye jaruba. Baba yangu aliamka kabla ya jogoo kwenda kuziba matundu ya panya kwenye tuta. Basi nikakanda udongo wa mfinyanzi, nikaziba matundu ya vyungu vyote vinane, nikayasawazisha kwa kidole gumba mpaka yakapendeza. Tangu siku hiyo hakuna tone lililopotea. Kila asubuhi nilitazama juu ya makumbi nikaona yamepauka, makavu, nikamwaga kikombe. Kesho yake yamepauka tena, nikamwaga kingine.

Yakapita majuma machache, ncha za majani zikaungua kana kwamba mtu amezipitisha kwenye makaa. Kisha juu ya makumbi kukatokea ukoko mweupe. Ndipo nikachovya kidole.

Chumvi! Na chumvi ya nyumba ile ilikuwa mikononi mwa mtu mmoja tu.

Sikumwambia mtu. Nilichukua mkaa nikaweka alama ndani ya kopo la chumvi la jikoni, na kila jioni nikaenda kuchungulia. Chumvi ilikuwa inashuka. Nikajificha nyuma ya pazia la korido mchana, wageni wakiwa wametoka. Siku ya tatu nikamwona Zuhura anakuja sebuleni na bakuli. Akasimama mbele ya vyungu muda mrefu. Akaingiza kidole kwenye makumbi, akatikisa kichwa, akaondoka. Hilo ndilo nililoliona, mwanangu, si zaidi. Lakini nilipofika mlangoni kwa Mama Odilia, bakuli lilikuwa tayari limeinama mdomoni mwangu na chumvi inamwagika.

Mama alituita wote wawili.

"Zuhura, Betina anasema umemwaga chumvi kwenye maua yangu."

Zuhura alicheka kwanza, akidhani ni utani. "Mimi? Chumvi ya kuungia mchuzi yenyewe hainitoshi!"

"Nimeweka alama kwenye kopo," nikasema. "Inapungua kila siku."

"Chumvi ya jikoni inaliwa, mdogo wangu. Ulitaka izae?"

"Na bakuli ulilokuja nalo sebuleni?"

"Mchele! Nilikuwa nachambua mchele. Nilisimama kuyaonea huruma maua ya watu." Akamgeukia Mama, na sasa hakuwa akicheka. "Mama, makumbi haya ni ya kwetu. Kwetu tunayafukia kwenye matope ya bahari miezi na miezi, yalainike. Chumvi imo humohumo ndani yake. Hamkuyafua kabla ya kupanda?"

"Umesikia, Mama?" nikadakia. "Jibu analo mkononi. Kikulacho ki nguoni mwako."

Methali ni kama kisu, mwanangu. Hakichagui mkono wa kukishika. Ile yangu ilikuwa kweli tupu, ila nguo aliyokuwamo huyo mdudu ilikuwa yangu mimi. Mama Odilia alitutazama kwa zamu, na kwa kuwa mimi niliapa na Zuhura hakuapa, akaniamini mimi, akamwachisha Zuhura kazi. Asubuhi yake Zuhura alisugua masufuria yote, akayafunika, akabeba begi lake kwenda stendi. Sikusikia wimbo siku ile. Nikajiambia, si unaona, angekuwa hana hatia angeimba.

Sasa sikiliza maajabu. Zuhura ameondoka, na maua yanaendelea kufa! Ungedhani ningejiuliza. Sikujiuliza. Nilimshuku dobi, kwa kuwa alipita sebuleni na sabuni. Nilimshuku mgeni mmoja aliyezoea kunawa mikono karibu na dirisha. Mwishowe, Mungu anisamehe, nilianza kumtazama Mama Odilia mwenyewe kwa jicho la pembeni. Shuku ikishamla mmoja haishibi, inageuka kutafuta mwingine.

Mzee Faustini alirudi na mzigo mwingine. Mama akamwonyesha maua, amekata tamaa. Mzee hakugusa majani. Aliinua chungu kimoja kwa mikono miwili, akaguna. "Kizito kama gunia lililonyeshewa. Na juu kumekauka." Akakilaza, akatazama chini yake, akachokonoa kwa ufunguo wa lori. Udongo wangu ukadondoka, na nyuma yake yakatoka maji ya kahawia yenye harufu ya kuoza, yakaja moja kwa moja miguuni kwangu.

"Nani kaziba hapa?"

"Mimi, mzee."

"Kwa nini?"

"Maji yalikuwa yanapotea."

"Ee, mtoto wa Lupiro! Umelima jaruba sebuleni kwa watu." Dobi, aliyekuwa mlangoni, akacheka, mzee hakucheka. "Mpunga unapenda kusimama majini. Ua hili mizizi yake inataka kupumua. Na makumbi mliyafua?"

"Kuyafua?"

"Unayaloweka, unayakamua, unamwaga yale maji, tena na tena mpaka yatoke safi. Haya yametoka matope ya bahari. Wewe uliifungia chumvi ndani, ukawa unainywesha kila asubuhi."

Mama Odilia aliketi. "Hayo si ndiyo aliyoyasema Zuhura?" akaniuliza kwa ile sauti yake ndogo.

Mzee Faustini aliposikia habari nzima, alinitazama bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. "Binti," akasema, "kabla hujautafuta mkono uliomwaga, ungeutazama mkono ulioziba."

Nilimtafuta Zuhura. Nikaambiwa yuko Mngeta, anawapikia vibarua wa mashamba ya mpunga. Nikapanda basi, likapita Mbingu kwa vumbi na mashimo yake, nikamkuta chini ya banda la mabati, amekonda. Binti yake alikuwa amerudi nyumbani muhula ule, shule imesimama kwa kukosa ada. Nilipiga magoti nikasema yote, pamoja na lile bakuli ambalo sikuliona likimwaga kitu.

Akaninyanyua. "Nimekusamehe, Betina. Kaa ule, umetoka mbali."

Akanipakulia wali na samaki. Kisha, kabla hajanipa sahani, akachukua kijiko, akachota wali, akaula mbele yangu. Akachota mchuzi, akaunywa.

"Sikushuku, dada," nikasema, machozi yananitoka.

"Najua. Ni mazoea tu. Tangu nitoke Ifakara kila sahani naionja mbele ya mlaji, asije akasema nimemtilia kitu."

Na vibarua waliokuwa kwenye foleni walisubiri kwa utulivu, kila mmoja aonjewe yake. Walishazoea.

Mwanangu, ukipanda kwenye makumbi ya nazi, yafue kwanza. Usiyaamini kwa kuyatazama juu. Ingiza kidole, inua chungu usikie uzito wake. Mwagilia taratibu mpaka maji yatoke chini, na yakitoka yaache yaende, ndiyo yanayobeba chumvi. Na watu ni hivyohivyo. Usimhukumu mtu kwa ukoko ulio juu. Ukiona dalili, uliza, kisha sikiliza jibu hata kama limekuja upesi, maana mkweli naye hana sababu ya kuchelewa. Sema ulichokiona, usiongeze hata punje. Msamaha nilipewa siku ileile. Kile kijiko sijaweza kumwondolea Zuhura mkononi mpaka leo.

Mungu akupe macho ya kujitazama kabla hujawatazama wenzako. Akupe majirani watakaokula kwako bila kuogopa, nawe ule kwao. Nyumba yako isikose maji, na maji yake yasikose njia ya kutoka. Amina.