Maporomoko ya Kwenye Kalenda

Saluni yetu iko Albert Park, Durban, chini ya jengo ambalo lifti yake sijawahi kuiona ikipanda, na pale tunasuka wawili wawili. Kichwa kimoja, wasusi wawili: mmoja kushoto, mmoja kulia. Mteja akitaka rasta nyembamba mpaka kiunoni, msusi mmoja atamkalisha kutwa nzima. Wawili wanammaliza na bado anawahi teksi ya jioni. Ila kuna sharti. Ukianza kushoto unamaliza kushoto, na mtu hamwachi mwenzake na kichwa nusu. Kila mkono una mvuto wake. Mteja akianzwa na huyu na kumaliziwa na yule anarudi kwake kichwa kimepinda.

Mimi nilikuwa kushoto. Kulia alikuwa yaya. Hatukuzaliwa tumbo moja. Nilimwita yaya, yaani dada mkubwa kwa Kiswahili cha nyumbani kwetu, kwa sababu ndiye aliyenifundisha kushika kitana nilipoacha shule. Na mchana, tukinunua bani, ule mkate uliojazwa mchuzi, alikuwa ananiachia upande wenye viazi vingi.

Juu ya kioo palitundikwa kalenda ya mwaka uliokwisha pita, ambayo hatukuitoa kwa ajili ya picha moja tu: maporomoko ya maji ya Brazili. Maji yale yalikuwa mengi kiasi kwamba nilikuwa nahisi ukuta utalowa. Tulisuka tukiyatazama.

"Siku moja tutasimama pale," yaya alikuwa anasema, mdomo umejaa vibanio. "Wewe kushoto, mimi kulia."

Mama mmoja Mzulu, mteja wetu wa siku zote, alituuliza kama tunakwenda kuyasuka.

Baadaye yaya akaolewa, akamfuata mumewe São Paulo, hukohuko Brazili. Nikabaki nabadilisha wenzangu upande wa kulia, hakuna aliyekaa. Karibu kila wiki alinitumia sauti kwenye simu. "Njoo, mudogo. Nakungoya wewe tu. Miye mwenyewe sijafika kule kwa maji. Nitaendaje bila weye?" Niliisikiliza hiyo kwenye teksi, niliisikiliza jikoni, mpaka mama yangu akasema naye sasa anaijua kwa moyo. Nimezaliwa hapa, pasipoti yangu ni ya hapa, na Brazili hawatudai viza. Nikajipanga, nikakata tiketi. Kwa wachuuzi wa mjini nikanunua makoti mawili ya mvua ya plastiki, la njano langu, la bluu lake, kwa sababu nilisikia maji yale yanarusha manyunyu mpaka kwa watazamaji.

Yaya alinipokea uwanja wa ndege akilia, nami nikalia. Njiani kila kitu nilikiona kizuri: ghorofa zisizokwisha, watu wanaokunywa kahawa ndogo wakiwa wamesimama, miti iliyoinua lami kwa mizizi. Chakula cha kwanza kilikuwa wali, maharagwe, na juu yake unga wa muhogo uliokaangwa, mkavu hivyo hivyo.

"Wanakula ugali bila kuusonga?" nikauliza.

"Nyamaza, watakusikia," yaya akasema, tukacheka mpaka nikapaliwa na ule unga.

Nikamuuliza tunakwenda lini kwenye maporomoko. Akasema nipumzike kwanza. Kesho yake akasema kuna kichwa kimoja, bibi harusi, nimsaidie tu. Nilifurahi, jamani. Kushoto na kulia tena, vidole vyetu vikikutana katikati ya kichwa kama zamani. Kikaja kichwa cha pili. Kikaja cha dada yake bibi harusi. Halafu yaya akaanza kutoka, mara sokoni, mara kazini kwa mumewe, na mimi nikawa nasuka pande zote mbili peke yangu, kwenye chumba ambacho dirisha lake linatazama ukuta. Brazili yangu ikawa ule ukuta. Nilijiambia yaya ana shida zake, nimsaidie, maji hayakimbii.

Aliyenifumbua macho hakukusudia. Alikuwa mama mmoja kutoka Bukavu, anazungumza Kiswahili chetu, nami nilifurahi kupata wa kuongea naye.

"Afadhali umefika," aliniambia nikimchana. "Tangu Pasaka hatujasuka, tunakungoya weye. Yaya yako alitangaza kanisani: msusi wangu wa Durban anakuja, muchunge vichwa."

"Nimekuja kutembea, mama. Tunakwenda kwenye maporomoko."

"Aa, utapenda. Sisi tulienda na basi ya kanisa, wote. Yaya yako ndiye alikuwa anaimbisha njia nzima."

Nilimaliza rasta niliyoishika, nikaanza nyingine. Mkono ulikuwa unakwenda wenyewe.

Yaya aliporudi, mfuko wa ndizi mkononi, nilimwambia, "Ulishayaona."

Alimtazama yule mama, akaelewa. "Eish, mudogo. Ni maji tu."

"Ulisema huwezi kwenda bila mimi."

"Ningesema nini? Njoo unisaidie vichwa? Ungepanda ndege kwa ajili ya vichwa vya watu?"

"Kwa vichwa, hapana. Kwa ajili yako ningepanda. Ungeniambia tu nije kusuka, ningekuja kusuka."

Yule mama kwenye kiti aliinamisha shingo, kama mvua imemkuta nje. Yaya aliweka ndizi mezani moja moja, kama kwamba zingevunjika.

"Maji iko pale kila siku," akasema mwishowe. "Harusi ni Jumamosi. Nitakupeleka siku ingine."

"Siku nyingine ipi, yaya? Ndege yangu ni wiki hii."

Akaanza kuzipanga ndizi upya. Basi nilisuka upande wa kushoto mpaka mwisho, nikachoma ncha, nikazichovya kwenye maji ya moto. Kisha nikamwekea yaya kitana mkononi. "Kulia ni kwako." Nikamwomba mama wa Bukavu msamaha, akanishika mkono akasema niende salama. Yaya alikuwa anatafuta katikati ya kichwa kwa ncha ya kitana.

Jioni ile nilipanda basi la kwenda kwenye maporomoko, peke yangu, likaenda usiku kucha. Asubuhi udongo ulikuwa mwekundu pande zote, na mashamba ya mahindi. Kwenye maporomoko, mnyama mmoja mwenye pua ndefu na mkia wa mistari aliniibia mkate mbele ya watu, wakacheka, nikacheka nao. Halafu nikayaona maji. Picha ilikuwa imesema uongo: ni mengi zaidi. Nilivaa koti la njano, nikasimama kwenye daraja jembamba, nikageuka kusema, "Yaya, ona."

Kulia kwangu alikuwa bibi mmoja mzee, amelowa hadi mifupa, anatetemeka huku akitabasamu. Nikafungua mkoba nikampa koti la bluu. Akalishika bila kulivaa, akaangalia nyuma yangu, akauliza kwa mikono kama mwenye koti yuko njiani.

Nikatikisa kichwa, nikamsaidia kuvaa.