Filta Niliyoiba Ndani ya Koti

Binamu yangu alipohamia kwetu Kaplong kutoka Chepseon, alikuja na mke, ng'ombe wawili na sintesaiza ya kale, kile kinanda cha umeme chenye vitufe vya kubadili sauti. Mke na ng'ombe niliwasamehe. Ile sintesaiza alipoiingiza kanisani, niliomba mvua iingie kwenye soketi. Mungu hutuletea mvua kila alasiri bila kuombwa, lakini siku hiyo alikataa.

Alizungusha kitufe kimoja tu, cha filta, ile sehemu inayokata makali ya sauti na kuacha unene. Besi ikapanda polepole kutoka sakafuni. Akina mama wakageuka. Miaka yote nimepigia kwaya kwa laptopu na hawajawahi kugeuka, isipokuwa siku ile betri ilipokufa.

Kwaya ilikuwa inajiandaa kurekodi, na mwalimu wetu alitangaza kwamba atachagua mpigaji mmoja. Nafasi hiyo nilijua ni yangu, hasa kwa sababu kabla ya binamu hakukuwa na mwingine.

Mtu mwenye akili angemwomba binamu amruhusu kugusa chombo. Mimi, binamu alipopiga tena kanisani, niliiwasha simu irekodi ili nikamwige, nikaificha katika mfuko wa ndani wa koti, nikafunga vifungo vyote na kukunja mikono kifuani kama mzee wa kanisa.

Kujifungia nyumbani hakunipi shida, ndicho kipaji changu. Nina programu yenye vidude vya sauti vilivyochorwa kwenye skrini. Unaviunganisha kwa nyaya za kuchorwa pia, ukajitengenezea chombo unachotaka. Kwa wiki tatu niliunda filta kama yake. Nasikiliza rekodi, nasogeza kidogo, nasikiliza tena. Yangu ilikuwa safi mno, nikaipunguza makali, nikaongeza filta nyingine nyuma yake, kisha ukwaruzo kidogo. Mama akipita na ndoo ya maziwa aliuliza kama hicho kitu kinaumwa. Majani ya chai shambani yalikomaa yakapitiliza bila mimi kuyachuma. Mwishowe nikafumba macho na sikuweza kutofautisha rekodi na yangu.

Siku ya kuchaguliwa nilipiga wa kwanza. Binamu aliinamisha kichwa, akaniomba nirudie. Nikarudia kwa maringo.

"Ndugu, hiyo ni yangu kabisa," akasema, "lakini imefunikwa blanketi. Uliirekodia wapi?"

Mkono wangu ulienda wenyewe kwenye mfuko wa koti. Wiki tatu nilikuwa nimeiga, kwa uaminifu mkubwa, sauti ya koti langu.

Kwaya nzima ilicheka, binamu akacheka hadi akakaa chini. Mwalimu peke yake hakucheka. Alitupigisha mmoja mmoja huku kwaya ikiimba, halafu akanichagua mimi.

"Ya huyu haiwafuniki akina mama," alisema. "Ile nyingine inataka kuimba yenyewe."

Nilingoja binamu anune. Hakununa, na hilo liliniudhi kuliko kicheko. Alinishika mkono, akataka nimfundishe hiyo ya koti, kisha akanivuta hadi kwenye sintesaiza yake. "Si uguse basi. Ungesema tu."

Niligusa. Kitufe kilikuwa kizito na baridi, na kilipozunguka niliisikia besi miguuni kabla ya masikioni.

Tulirekodi kwa laptopu yangu. Watu hunipongeza kwa ile sauti ya upole, nami hujibu kwa unyenyekevu wa uongo. Lakini kila nikiiwasha laptopu, vidole vyangu bado hutafuta pembeni kile kitufe kizito, na kipo kwa binamu, nyumba ya jirani.