Nyundo Iliyomuua Mwita

Mti ulioloweshwa maji pamoja na chuma una harufu yake, jamani, na mimi siipendi. Wiki iliyopita fundi wa madawati shuleni kwetu Tarime alitumbukiza nyundo yake ndooni, mpini uvimbe, kichwa kikaze. Nikaenda kujifungia stoo ya vitabu. Walimu wenzangu wameshanizoea, wanasema madamu Bhoke ana mambo yake.

Hiyo kazi ya kulowesha nyundo niliifanya nikiwa na miaka tisa, huko Nyarero, wakati wa dhahabu, ng'ombe wakijichunga wenyewe kwa sababu wanaume wote walikuwa machimboni. Baba alikuwa anapiga nyundo kubwa, na Mwita, kijana wa ng'ambo ya mto, anamshikia tindo mwambani. Mwita alikuwa na maneno huyo! Aliniambia akipata dhahabu atanunua lori na mimi nitakuwa utingo wake. Nilimwamini kabisa.

Kila jioni niliiweka nyundo ya baba kwenye ndoo ya maji. Jioni moja niliyaoga yale maji. Mtoni mbali, miguu ilikuwa imejaa vumbi, na uvivu nao ulikuwepo. Nyundo nikaiegemeza nyuma ya mlango, kavu.

Kesho yake nilipeleka uji machimboni. Nilikuwa nimesimama ukingoni mwa shimo baba alipoinua nyundo, na kichwa kikachomoka. Kilimpata Mwita juu ya sikio. Hakupiga hata kelele. Alilala ubavu juu ya mawe na damu ikaingia kwenye vumbi jeupe, na baba akabaki ameshika mpini mtupu, anauangalia.

Ndugu zake Mwita walifika wakikimbia. Mbele alikuwa Marwa, kaka yake mkubwa, panga mkononi. Walimpiga baba rungu mkono wa kulia, wakarudia palepale, mpaka nikasikia mfupa ukivunjika. Wengine walishatangulia nyumbani kwetu, ghala la mtama likawa linawaka. Vijana wa upande wetu nao wakaja na mishale. Marwa alimkanyaga baba kifuani.

"Umemuua makusudi! Mmeona dhahabu, ukataka ule peke yako!"

Panga likapanda juu. Nilitaka kusema, wallahi nilitaka, lakini kilichonitoka ni mkojo.

Hapo ndipo Bibi, mama yake baba, alipotokea. Hakukimbia. Aliokota kile kichwa cha nyundo chenye damu, akaingiza kidole gumba kwenye tundu la mpini. Likatoka vumbi kavu, hakuna unyevu. Akaniangalia mara moja tu, kisha akageuka, akakiweka chuma miguuni pa Marwa.

"Aliyemuua ndugu yako ni huyu hapa. Mchukueni. Kwetu hakuna mkono utakaomshika tena."

Watu wote walijua maana yake. Kwetu chuma kilichoua mtu si mali ya mwenyewe tena, ni cha wafiwa, wanakifanya wanavyotaka. Marwa alilishusha lile panga kwenye nyundo. Aliipiga, akaipiga, cheche zikaruka, akiitukana kama mtu, mpaka makali yakaota mapengo na yeye akaanguka juu yake analia. Waliibeba pamoja na maiti. Nasikia waliitupa kwenye kina cha mto. Mambo ya fidia ya ng'ombe, wazee waliyamaliza baadaye. Baba aliishi, mkono ukapinda, na shimoni hakurudi.

Sasa wiki iliyopita, mle stoo, nikavuta kamusi ya zamani ya Kiingereza, haina jalada, mchwa wamekula nusu. Nikafungua popote ili nisifikirie ile ndoo ya fundi. Nikakuta neno: deodand. Kitu kilichosababisha kifo cha mtu, mwenyewe akanyang'anywa, kikatolewa kwa Mungu. Walilitumia kwa gurudumu lililomkanyaga mtu, kwa fahali aliyeua kwa pembe, kwa boriti iliyoanguka. Pembeni wameandika kwamba halitumiki tena. Nilicheka peke yangu. Kumbe na Wazungu! Na sisi darasani tuliambiwa mambo ya wazee wetu ni ushenzi.

Kicheko kiliisha haraka. Kwa miaka mingi nilijua Bibi alimwokoa baba siku ile, na siri ya maji nilidhani ni yangu peke yangu. Lakini mle stoo nikakumbuka: jioni ya maziko ya Mwita, moshi wa ghala ukiwa bado unafuka, Bibi aliichukua ile ndoo ya kuloweshea nyundo, akaisugua kwa majivu, akanipa.

"Hii sasa ni yako, Bhoke. Uwe unaogea."

Nilifurahi, mjinga mimi. Nikadhani ananipa zawadi kwa sababu nimelia sana. Bibi amefariki, hakuwahi kulitaja tena, na mimi sikuwahi kumshukuru. Alijua maji yalikwenda wapi, na bado alimwambia Marwa kwamba aliyeua ni chuma.